Maswali na Majibu: Rangi na Marekebisho ya Boti za Rimoti

Barua nyingi safari hii zinauliza jambo moja kwa maneno tofauti: kwa nini rangi ya boti haidumu. Nitaanza na hilo, kwa urefu, ili nisilazimike kulirudia chini ya kila swali.

Nilinunua boti ya umeme yenye bodi ya faiba, nikaipulizia rangi nyekundu iliyopendeza sana. Baada ya wiki mbili rangi ilianza kubanduka kwa vipande vikubwa. Je, niliuziwa kopo bandia? (Msomaji, Mombasa)

Sidhani kwamba kosa ni la kopo. Bodi ya faiba hufinyangwa ndani ya kalibu iliyopakwa nta ili isigandie humo, na sehemu ya nta hiyo hubaki juu ya bodi bila kuonekana. Rangi yako ilishika nta, haikuishika boti, na maji yalipopata upenyo mdogo karibu na tundu la ekseli yakaingia chini yake na kuiinua yote. Bodi za plastiki nazo hutoka kiwandani zikiwa na mabaki ya mafuta, na vidole vyetu huongeza mengine kila tunapozishika.

Osha bodi kwa maji vuguvugu na sabuni ya vyombo kabla msasa haujaigusa. Mpangilio huu una sababu yake: msasa ukitangulia sabuni, huikandamiza nta ndani ya mikwaruzo, na huko haitoki tena kwa urahisi. Suuza, kausha, kisha piga msasa wa maji namba 400 mpaka mng'ao wote ufifie na bodi ionekane kama imepakwa vumbi la chaki. Pangusa kwa spiriti, na kuanzia hapo usiishike kwa mkono mtupu. Puliza rangi ya msingi inayofaa plastiki au faiba, iache ikauke, ilainishe kwa msasa namba 600, halafu puliza rangi yenyewe kwa tabaka tatu au nne nyembamba. Tabaka la kwanza halipaswi kuificha bodi. Likiificha, umepuliza nyingi mno.

Rangi inayokauka kwa kuguswa baada ya saa moja bado haijakomaa. Mimi husubiri siku saba kamili kabla ya kuishusha boti majini, na boti yangu ya kwanza, ambayo niliishusha siku ya pili, ndiyo iliyonifundisha kusubiri. Mafundi wa majahazi hapa pwani hutia kalafati, yaani pamba ya kuziba nyufa, katika kila kiungo cha mbao na kukikagua, ndipo wapake shahamu, yaani mafuta ya wanyama yenye chokaa, chini ya chombo. Sijaona fundi aliyeanza na shahamu.

Rangi gani hufanya boti iende kasi zaidi? (Msomaji, Nairobi)

Hakuna.

Rangi gani basi inafaa kwa boti ya kukimbiza ziwani? Ninapenda bluu na nyeupe. (Msomaji, Kisumu)

Hizo ndizo rangi mbili ambazo ningekukataza. Bluu hupotea katika maji, na nyeupe hufanana na povu la mawimbi, hasa jua linapomulika kutoka mbele yako. Boti ya sentimita 60 ikifika mita 100 kutoka ufukweni huwa ni doa tu, na unachohitaji kujua si mahali ilipo pekee, bali pia imeelekea wapi, kwa sababu boti inayokuja kwako hugeuka kinyume cha mkono wako kwenye rimoti. Paka omo, yaani mbele ya boti, rangi moja kali, kama chungwa, na tezi, yaani nyuma, rangi nyingine iliyo mbali nayo, kama nyeusi au zambarau, lakini usiifanye sitaha nzima kuwa nyeusi, kwani jua la mchana litaipasha moto betri iliyo chini yake. Upande wa chini wa bodi upakwe njano. Wengi huuacha bila rangi kwa kudhani kwamba hakuna atakayeuona, na boti ikipinduka, upande huo ndio pekee unaobaki kuonekana.

Naweza kutumia rangi ya magari? Na ile ya mafuta ya milango? (Wasomaji wanne, Dar es Salaam, Tanga na Arusha)

Swali hili nimelijibu mara nyingi, na kila mara anayeuliza hasemi boti yake imetengenezwa kwa kitu gani. Bila kujua hilo, hakuna mtu anayeweza kukujibu kwa usalama. Faiba huvumilia rangi ya magari. Plastiki huivumilia ikiwa imetanguliwa na rangi ya msingi ya plastiki na ikiwa kila tabaka ni jembamba, kwa sababu thina iliyomo humo, ikikaa majimaji kwa muda, huila plastiki na kuikunja. Povu jeupe la kufungashia televisheni huyeyuka kabisa. Jaribu kwanza ndani ya bodi, mahali pasipoonekana, na usubiri siku moja. Rangi ya milango hukauka polepole, ni nzito, na hujaza kila mstari mzuri uliochongwa kwenye sitaha, iachie milango.

Kuna onyo ambalo hamkuliuliza. Vanishi ya magari inayochanganywa na kikaushio ina isosaineti, kemikali inayoweza kumsababishia mtu pumu ya kudumu, na barakoa ya kitambaa au ile ya hospitali haiizuii. Msiipulize chumbani, wala uani wanapocheza watoto. Kama huna barakoa ya kichujio cha kemikali na mahali palipo wazi, mpe kazi hiyo mpuliziaji wa magari aliye na vifaa.

Vanishi yangu imegeuka nyeupe kama maziwa usiku ule ule nilipoipuliza. Ilikuwa mwezi wa Aprili. (Msomaji, Unguja)

Ulipuliza katika masika, usiku. Thina inapofukika huipoza bodi, na hewa iliyojaa unyevu huacha umande mdogo ndani ya vanishi kabla haijakauka. Subiri siku kavu, puliza kati ya saa nne asubuhi na saa nane mchana, na mara nyingi tabaka moja jembamba la vanishi ile ile huyeyusha weupe huo. Kopo likiwa baridi, liweke katika maji vuguvugu kwa dakika chache, na kamwe usiliweke jikoni karibu na moto.

Tangu nilipopaka rangi upya, mota inachemka na kidhibiti mwendo kinajizima. (Msomaji, Bujumbura)

Umeziba kwa rangi tundu linaloingiza maji ya kupoza. Lizibue kwa sindano, kisha puliza hewa kwenye mpira wa maji mpaka itoke upande wa pili. Safari nyingine, ziba matundu yote, ekseli na usukani kwa utepe wa karatasi kabla ya kupuliza.

Nimebadilisha betri ya seli 2 nikaweka ya seli 3. Kidhibiti mwendo kimeungua. Je, ninunue cha aina ile ile? (Msomaji, Kampala)

Ukinunua cha aina ile ile, kitaungua vile vile. Umetoka volti 7.4 hadi 11.1, yaani umeongeza mara moja na nusu, na mota hujaribu kuzungusha rafadha, ile panga inayoisukuma boti majini, kwa kasi iliyoongezeka vivyo hivyo. Lakini nguvu inayotakiwa kuzungusha rafadha ndani ya maji hupanda kwa kipeo cha tatu cha kasi, hivyo umeidai mota nguvu zaidi ya mara tatu. Anza na kidhibiti kinachokubali seli 3 na kinachobeba ampea za kutosha, kisha punguza ukubwa wa rafadha, na uiguse mota kwa mkono baada ya kila dakika mbili za majaribio.

Na kwa kuwa tumefika kwenye betri za lithiamu: kila seli isizidi volti 4.2 inapochajiwa, isishuke chini ya 3.0 inapotumika, na ihifadhiwe karibu na 3.8. Betri iliyovimba haifai kutumika tena hata siku moja. Sitachoka kulirudia hili, kwa sababu moto wa betri hizi huwaka ndani ya nyumba wakati wenyewe wamelala.

Nimefunika sitaha kwa kitambaa cha kaboni ili ipendeze, na sasa rimoti inapoteza mawasiliano. (Msomaji, Muscat)

Kaboni huzuia mawimbi ya gigahezi 2.4. Toboa tundu dogo, utoe ncha ya antena juu ya sitaha, na uizungushie gundi ili maji yasiingie. Antena iliyo chini ya usawa wa maji nayo haifai, kwani mawimbi hayo hayapiti majini. Nikola Tesla alipoonyesha boti yake ya umeme inayoongozwa kwa redio huko New York mwaka 1898, antena ilisimama wazi juu ya sitaha. Tusizifiche kwa ajili ya urembo.

Natengeneza boti ya umeme yenye umbo la jahazi la Lamu, pamoja na macho kwenye omo. Nichore wapi mstari wa maji, na macho niyapake lini? (Msomaji, Mwanza)

Swali lako limenifurahisha, kwa kuwa umeuliza kabla ya kupaka. Weka ndani ya boti kila kitakachosafiri nayo: betri, mota, sevo (kimota kinachogeuza usukani), mlingoti, tanga, na povu gumu la kuizuia isizame, ambalo ni la lazima. Ielee katika beseni kubwa, uiinamishe kwa kidole, uone inavyorudi. Ikirudi kwa uvivu, uzito uko juu mno. Shusha betri ikae juu ya mkuku, yaani uti wa chini wa boti, au fupisha mlingoti. Usijaribu kuponya kasoro hiyo kwa kuongeza uzito wa madini ya risasi upande mmoja. Inapotulia sawasawa, tia alama za penseli kwenye omo, kwenye tezi na ubavuni.

Kumbuka kwamba umeipima katika maji baridi, yaani yasiyo na chumvi. Boti ya kilo 2 husukuma kando mililita 2,000 za maji ya ziwa, lakini takriban 1,950 tu za maji ya bahari, kwa sababu ya chumvi. Ukiileta Lamu itakaa juu kidogo kuliko mstari wako, na hilo si kosa. Ukiiendesha baharini, ioshe kwa maji baridi siku hiyo hiyo, chomoa ekseli, ifute na uipake grisi mpya, maana chumvi haingoji kesho.

Chini ya mstari paka nyeupe, kama shahamu. Ubavuni tumia rangi isiyong'aa, kwa kuwa mng'ao wa gari juu ya jahazi huifanya ionekane kama kikombe cha kaure. Iache siku saba, iendeshe mara mbili au tatu, tengeneza palipovuja, kisha yapake macho.