Ami anakula mikarafuu ya yatima, na bado anazidi kuneemeka

Assalam aleikum Bi Mkubwa. Baba alifariki nikiwa darasa la sita, akatuacha mama, mimi na mdogo wangu wa kike. Ami, ndugu yake pekee, alichukua shamba letu la mikarafuu 48 akasema anatushikia. Leo nina mume na watoto, na hajatupa hata konyo, kile kikonyo cha karafuu. Karafuu za wachumaji anazipima kwa pishi ya kichuguu, iliyojazwa hadi ikafurika, ili apate zaidi. Kajenga ghorofa, kaenda Hija, mwaka huu kanunua gari. Sikukuu hutuletea sukari na kanga, na mama anataka tuzirudishe. Sisi swala hatuachi, na paa linavuja. Nauogopa moyo wangu unavyouliza: kwa nini Mungu anampa yule?
Yatima, Wete, Pemba

Waaleikum salaam mwanangu.

Usiuogope moyo wako. Sayyidna Umar alimkuta Mtume (s.a.w.) kalala juu ya mkeka mtupu, alama za mkeka zimemchora ubavuni, akalia. Akasema Kisra na Kaisari, wafalme wa Uajemi na Rumi, wamo katika starehe zao, na wewe ni Mtume wa Mungu! Hakuambiwa kuwa amekufuru. Aliulizwa kama haridhiki wao wawe na dunia na sisi tuwe na Akhera. Hata Wakristo wanayo Zaburi ya 73, ya mtu ambaye miguu yake ilikaribia kuteleza kwa kuwaona waovu wamenawiri. Umo katika kundi la watu wazima, basi.

Sasa fungua Surat Zukhruf, aya ya 33. Mwenyezi Mungu anasema lau si kuwa watu wote wangekuwa kundi moja katika ukafiri, basi wanaomkufuru angewapa nyumba zenye mapaa ya fedha, na ngazi za kupandia. Isome tena hiyo, halafu litazame ghorofa la ami yako. Mapaa ya fedha! Yaani dunia kwake Mola ni nyepesi kiasi hicho, hata angeweza kumwagia asiyemtaka, na kinachozuia ni huruma kwa watu kama mimi na wewe, tusije tukayumba.

Surat Fajr inakwenda mbali zaidi. Mtu akineemeshwa husema Mola wangu kanitukuza. Akidhikishiwa riziki husema Mola wangu kanidhalilisha. Jibu ni "kalla", hapana, kwa wote wawili. Gari la ami si cheti cha kupendwa, na paa lenu si alama ya kuchukiwa. Na tazama aya zinazofuata hapo hapo zinamshika nani: hamumkirimu yatima, na mnakula urithi kwa pupa. Sijui kama ami yako huisoma sura hii. Ni fupi, imo katika Juzuu Amma, na bila shaka aliihifadhi chuo cha Qurani.

Utaniambia: mbona hashikwi? Katika Hadithi waliyoipokea Bukhari na Muslim, Mtume amesema Mwenyezi Mungu humpa muda dhalimu, hata akimtia mkononi hamwachii. Muda huo ni wa dhalimu na Mola wake, mwanangu. Karuni, yule tajiri wa zama za Nabii Musa, alididimizwa ardhini na nyumba yake, lakini usikae barazani ukisubiri ardhi ya Wete ipasuke. Kungojea balaa la mtu kutakula wewe kabla halijamfika yeye.

Watu watakwambia subiri tu. Wengi wao wameshakunywa chai katika ghorofa hilo. Subira ni kwa moyo wako. Mikarafuu ina sheria yake, na imo katika Surat Nisaa. Kama babu na bibi yenu wa upande wa baba walitangulia kabla yake, basi baada ya madeni na wasia mali inagawiwa hivi: mama thumuni (sehemu moja kati ya nane), nyinyi mabinti wawili thuluthi mbili, kinachobaki ni cha ami. Ndiyo, naye ana haki yake, maana baba hakuacha mtoto wa kiume. Katika miti 48, ikiwa inalingana, mama ana 6, nyinyi mna 32, yeye ana 10. Asidhulumiwe hiyo 10. Nawe usiache hata mti mmoja katika 32 kwa kuona haya.

Nendeni kwa sheha, kiongozi wa shehia yenu, mkiwa na cheti cha kifo, kisha Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana, wao ndio wanaokokotoa mirathi. Akigoma, iko Mahkama ya Kadhi. Kabla ya hapo mpelekee mzee mmoja wa ukoo anayemheshimu. Huenda akaona bora kutoa kimya kimya kuliko kuitwa. Na mazao ya miaka yote aliyochuma nayo yatajwe, msizungumzie miti tu.

Habari ya pishi usiitie katika kesi yako. Hiyo ni ya wachumaji, nao wamo katika Surat Mutaffifin, inayowataja wale ambao wakijipimia kwa watu hutaka wajaziwe. Ila ukiulizwa, sema ulichokiona.

Kuhusu sukari na kanga za sikukuu, mwambie mama asizirudishe. Pokeeni, mshukuruni, mpeni chai, na msitie saini karatasi yoyote atakayokuja nayo.