Biskuti za unga wa ndizi mbichi kwa wanaosumbuliwa na njaa ya saa tano

Kama unakunywa chai na maandazi saa moja asubuhi, na saa tano tumbo linadai tena, jaribu kupunguza ngano na kuweka unga wa ndizi mbichi. Hapa Moshi ndizi hazitusumbui. Nunua mshare pale Mbuyuni, menya, kata vipande vyembamba, anika juani mpaka vikauke kabisa, kisha peleka mashineni. Chagua zilizo kijani kibichi, maana ndizi ikianza kuiva wanga wake unageuka sukari, na wanga ndio tunaoutaka.

Sehemu kubwa ya wanga wa ndizi mbichi haimeng'enywi kwenye utumbo mwembamba. Inafika utumbo mpana ikiwa bado wanga, na bakteria wa huko wanaichachusha. Wataalamu wanauita wanga sugu. Lakini ukiupika kwa maji mengi unalainika na kumeng'enywa kama wanga mwingine, kwa hiyo uji wa unga huohuo hauna nguvu ile. Ndiyo maana nashikilia biskuti kavu: donge gumu, maziwa kidogo sana, na wanga mwingi unabaki salama hata ndani ya oveni. Keki laini inapoteza mwingi zaidi. Mimi huchanganya kikombe kimoja cha unga wa ndizi na viwili vya ngano; ukizidisha hapo zinamomonyoka.

Mwaka 2009, watafiti wa Chuo Kikuu cha Minnesota, Marekani, walilinganisha keki ndogo zilizotiwa nyuzinyuzi za aina mbalimbali. Zenye wanga sugu na zenye pumba za mahindi zilishibisha kuliko zile zenye nyuzinyuzi chache. Ziko tafiti nyingine ambazo hazikuona tofauti ya maana, kwa hiyo usizichukulie biskuti hizi kama dawa ya kupunguza unene, hasa ukizijaza sukari na siagi. Kwangu mimi, biskuti mbili tatu na chai ya rangi zinanifikisha mchana bila kutafutatafuta kitu cha kutafuna, na hilo limenisaidia sana.

Anza na chache, kwa sababu uchachushaji ule unaleta gesi, hasa siku za mwanzo. Mwenye kisukari anayetumia insulini azungumze kwanza na daktari wake: chakula hiki kinapandisha sukari taratibu kuliko ngano tupu, na kipimo chake cha dawa huenda kikahitaji kuangaliwa upya.