Ijengwe kwa ukingo wa zege, au isijengwe kabisa

Mhariri, wiki hii mmetuuliza wasomaji: wakazi wanapogawanyika kuhusu kutenga njia ya baiskeli kwenye barabara yenye magari mengi, njia hiyo ijengwe au iachwe? Nasema ijengwe, na ijengwe hasa, kwa ukingo wa zege unaoitenga na magari. Ninachokipinga kwa nguvu zangu zote ni ule mwafaka unaofikiwa baada ya vikao vya makelele: mstari mweupe unachorwa pembeni mwa lami, kisha kila upande unaambiwa umesikilizwa.

Mstari haumlindi mtu. Gari la mizigo likitaka kushusha, linasimama juu yake, na mwenye baiskeli analazimika kuchepukia kwenye magari yanayokuja kasi nyuma yake. Ukipita kando ya magari yaliyoegeshwa, hatari inazidi, maana mlango ukifunguliwa ghafla hana pa kukimbilia. Kwa hiyo wanaoutumia ni wale wale wachache wasioogopa. Mama aliyembeba mtoto nyuma haingii humo, mzee haingii, mwanafunzi anakatazwa na wazazi wake. Mwaka ukipita, waliopinga wanasimama kikaoni na kusema, mnaona, njia iko tupu! Ni kweli iko tupu. Lakini huwezi kuwapa watu njia ya kuwaua halafu ukahitimisha kwamba hawapendi baiskeli.

Tazameni walichofanya Sevilla, nchini Hispania. Kabla ya 2006 safari za baiskeli katika jiji lile hazikufika hata asilimia 1 ya safari zote. Ndani ya miaka michache zikajengwa zaidi ya kilomita 100 za njia zilizotenganishwa na magari, zikiunganishwa zote kuwa mtandao mmoja, na maelfu ya nafasi za maegesho zikaondolewa kuzipisha. Safari za baiskeli zikapanda hadi kama asilimia 6. Hali ya hewa haikubadilika, wala watu hawakuletwa kutoka kwingine. Ndiyo maana sikubali ninaposikia kwamba baiskeli ni utamaduni wa Waholanzi tu. Uholanzi yenyewe, mwaka 1971, ilipoteza zaidi ya watu 3,000 barabarani, zaidi ya 400 kati yao wakiwa watoto, na ni wazazi walioandamana hadi serikali ikaanza kubadili barabara.

Wenye maduka wanastahili jibu la kina, kwa sababu wao ndio hupinga kwa sauti kubwa kuliko wote, na hofu yao ni ya riziki. Wanaamini kwamba maegesho yakiondoka mbele ya duka, mteja naye ameondoka. Utafiti uliochapishwa 2021 kuhusu mitaa miwili ya maduka jijini Berlin uliwauliza wafanyabiashara ni wateja wangapi huja kwa gari. Wakakadiria kama asilimia 22. Wateja wenyewe walipoulizwa, ilikuwa kama asilimia 7, na zaidi ya nusu waliishi ndani ya kilomita 1 kutoka hapo. Aliyekuja na gari anaonekana, gari lake liko pale mlangoni. Aliyekuja kwa miguu anaingia, ananunua, anaondoka, na hakuna anayemhesabu. Toronto nako, nchini Kanada, mtaa wa Bloor uliwekewa njia za majaribio 2016, idadi ya wateja na matumizi yao vikapimwa na kuonekana vimeongezeka, na mwaka uliofuata zikafanywa za kudumu. Hata hivyo, mwaka 2024 serikali ya jimbo ilipitisha sheria ya kuziondoa, kwa hiyo sidanganyiki kwamba takwimu peke yake humaliza ugomvi.

Yapo malalamiko ambayo nayaunga mkono bila kusita. Msafiri asiyeona akishuka basi moja kwa moja kwenye njia ya baiskeli, amewekwa hatarini na mchoraji wa ramani. Kituo lazima kiwe na sehemu pana ya kushukia, na kivuko kilichoinuliwa kinachowalazimisha wenye baiskeli kupunguza mwendo. Mtu wa kiti cha magurudumu naye lazima abaki na mahali pa kushushwa karibu na anakokwenda, hata kama maegesho mengine yote yatatoka. Kuhusu magari ya wagonjwa, njia yenye upana wa kutosha inaweza kuyapitisha pale ambapo foleni ya magari imeganda.

Kisha kuna makutano. Huko ndiko ajali nyingi hutokea, na huko ndiko ukingo wa zege hukatishwa mara nyingi kwa kisingizio kwamba nafasi haitoshi. Dereva anayekata kona anavuka njia ya baiskeli bila kumwona aliye pembeni yake. Nikiambiwa nichague, afadhali mita 500 zilizolindwa pamoja na makutano yake, zenye taa zinazowatanguliza wenye baiskeli na kona zinazomlazimisha dereva kupunguza mwendo, kuliko kilomita 3 zinazomtelekeza mtu penye hatari kubwa kuliko zote.

Kwa mtaa uliogawanyika, ningeanza na vizuizi vya muda, vya kuhamishika, kwa mwaka mzima. Wahesabiwe wanaopita na wanaonunua, kabla na baada, na wenye maduka washiriki kuhesabu. Upakuaji upangiwe saa za alfajiri, au sehemu maalumu kwenye barabara za pembeni. Na vikao vifanyike jioni. Vikiitishwa saa za kazi, wanaozungumza ni wenye nyumba na wenye biashara, ilhali anayepita pale kwa baiskeli kila siku akienda kibaruani hajui hata kwamba barabara yake inajadiliwa.