Re: Damu ya bandia na taa za usiku, Capri Point

Ndugu, umeuliza damu ya bei rahisi, taa, na namna ya kuonyesha tamaa kwa onyesho la filamu yako ambapo mnyonya damu anamng'ata binti shingoni, usiku, kwenye mawe ya Capri Point, Mwanza.

Chemsha sukari vikombe 2 kwa maji kikombe 1 mpaka uji wake uvutike kama asali. Ukipoa, tia rangi nyekundu ya chakula kijiko 1 cha chai, kisha kakao vijiko 2 uliyokwisha kuikoroga pembeni kwa maji kidogo, la sivyo itafanya madonge. Usiiache kakao: bila hiyo damu inapitisha mwanga, inaonekana juisi ya rozela. Ya kumwagia nguo ongeza matone ya sabuni ya maji ili itoke ukifua. Ya mdomoni, hapana. Na ifunike, sisimizi hawachelewi.

Taa kali kando ya ziwa zitakuletea wadudu mpaka kwenye lenzi. Rekodi jua likishazama, mizani ya rangi ya kamera (white balance) ikiwa 3200K, yaani ya taa za ndani, picha itakuwa ya buluu. Giza huku linaingia haraka, una dakika 20 tu, kwa hiyo fanyeni mazoezi mapema.

Kuhusu tamaa: binti afungue kola mwenyewe, polepole. Meno yanaweza kusubiri.