The Dio Years au albamu nzima?

Mkuu umeuliza uchukue The Dio Years, mkusanyiko wa nyimbo za bendi ya roki Black Sabbath za enzi za mwimbaji Ronnie James Dio, au utafute albamu zenyewe. Kama hela ni ya moja tu, chukua Heaven and Hell ya 1980, isikilize mwanzo mpaka mwisho, ndo utaelewa Dio aliipa bendi roho mpya baada ya mwimbaji wa kwanza Ozzy Osbourne kutoka, ile sauti jamani! Kwenye mkusanyiko, wimbo wa Children of the Sea wameweka ya laivu, ya studio haipo, na mi hilo linaniuma, afu kwenye albamu ya Dehumanizer ya 1992 wamechukua nyimbo tatu tu. Ila mkusanyiko huo una nyimbo tatu mpya walizorekodi kwa ajili yake, ulitoka 2007, kwa hizo utaurudia baadae.