Funga Kitabu Kabla Hakijatoa Jibu

Wiki iliyopita mwalimu mmoja kijana aliniandikia: "Shikamoo mwalimu. Nafundisha uhusiano wa mataifa kwa vitabu vya historia, lakini wanafunzi wanataka majasusi tu. Nikifika kwenye mabalozi na mikataba wanasinzia. Nifanyeje?"

Marahaba, kijana. Ugonjwa huo niliuugua miaka minane.

Nilikuwa nafundisha sura ya mabalozi wiki hii na sura ya majasusi wiki ijayo, kana kwamba hao ni watu wasiofahamiana. Siku moja nasimulia ile nembo ya mbao ambayo watoto wa Kisovieti walimpa balozi wa Marekani mjini Moscow mwaka 1945. Akaitundika nyumbani kwa ubalozi, ikakaa hapo hadi 1952, ilipogunduliwa kuwa na kinasa sauti ndani. Darasa limechangamka, mimi mwenyewe nimenogewa. Mkuu wa idara akaingia, akasikiliza kidogo, akasema mbele ya wanafunzi wangu: "Mwalimu, hii ni historia au sinema?"

Ameshastaafu. Bado inaniuma.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba alikuwa na nusu ya haki. Niliishia kwenye kinasa sauti. Sikuwauliza wanafunzi Marekani ilikifanyia nini. Mei 1960, baada ya Wasovieti kutungua U-2, ndege ya upelelezi ya Marekani, na kupeleka mashtaka kwenye Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa, mjumbe wa Marekani aliitoa nembo hiyo hadharani kuonyesha kwamba hata Wasovieti wanapeleleza. Kifaa cha kijasusi kikawa hoja ya kidiplomasia. Somo lilikuwa hapo, nami nikalipita.

Mwaka uliofuata nilibadilika. Tulisoma habari za Januari 1917, Ujerumani ikipigana na Uingereza katika Vita vya Kwanza vya Dunia, Marekani ikiwa bado nje. Waziri wa Mambo ya Nje wa Ujerumani, Arthur Zimmermann, anamtumia telegramu ya siri balozi wake aliyeko Mexico: Marekani ikiingia vitani, Mexico ijiunge na Ujerumani, nayo isaidiwe kurudisha Texas, New Mexico na Arizona. Telegramu inapita kwenye njia ya mawasiliano ya Wamarekani wenyewe, waliowaachia Wajerumani waitumie kwa ajili ya mazungumzo ya amani. Waingereza wanainasa, wanaufumbua msimbo.

Hapo nikafunga kitabu. "Ninyi ndio Waingereza. Mtawaonyesha Wamarekani? Mkionyesha, Berlin itajua msimbo wake umefumbuliwa, na Washington itajua mnasoma mawasiliano yake."

Walibishana hadi kengele ikalia, hakuna aliyeinuka. Binti mmoja wa nyuma, ambaye sikuwahi kusikia sauti yake, akasema: "Si ilifika Mexico? Tukaitafute huko, tuseme tumeipata huko." Nilifungua kitabu mikono ikitetemeka. Ndivyo walivyofanya hasa! Walipata nakala kutoka ofisi ya telegramu ya Mexico. Machi 1 ikatoka magazetini, Wamarekani wengi wakasema ni ya kughushi, na Machi 3 Zimmermann mwenyewe akakiri kuwa ni yake. Nikakifunga tena: kwa nini alikiri? Hadi leo naletewa majibu na watu waliokwisha kuwa wazazi.

Kwa hiyo ushauri wangu ni huo: funga kitabu. Usiwasomee mwisho. Chagua ukurasa ambao siri imeshapatikana lakini haijatumika, kwa sababu hapo ndipo balozi na jasusi wanapokaa meza moja. La pili, leta vitabu viwili vya pande mbili zilizogombana. Kumbukumbu za majasusi wastaafu zipokee kwa tahadhari: aliyewadanganya maofisa wa mpakani kwa miaka mingi hatashindwa kukudanganya wewe msomaji uliyejikalia kitini. La tatu ni lile lile la kwanza, maana najua utashawishika kuwamalizia hadithi. Walimu tuna kiherehere. Tunapenda kuonekana tunajua, tunawanyang'anya watoto nafasi ya kufikiri, halafu tunalalamika kwamba wanasinzia. Wasisinzie kwa nini, na jibu umeshawapa?

Jumatatu anza na telegramu hiyo. Waingereza wakishaifumbua, funga. Na mkuu wako wa idara akiingia, mpe kiti, umuulize na yeye angeamua nini.