Barua kwa Mwanangu: Kuhusu Somo Wako

Mwanangu mpendwa,

Swali lako nimelisoma mara tatu. Unasema karibu mwaka mzima sasa ukipiga magoti husikii chochote, midomo inatamka Salamu Maria huku moyo uko kwenye marejesho ya mkopo. Unaniuliza, "Mama, si bora niache kuliko kuendelea na unafiki?"

Nitakujibu kwa habari za somo wako, mtakatifu uliyepewa jina lake. Wengi wakisikia jina lako hudhani ni Teresia wa Mtoto Yesu, yule wa mawaridi. Wako ni Teresa wa Avila, Mhispania aliyezaliwa mwaka 1515, na nilikuchagulia kwa makusudi.

Aliingia Karmeli, shirika la watawa wa sala, akiwa na miaka 20. Haikupita miaka mingi akaugua, akazimia siku nne, kaburi likachimbwa. Alipozinduka alikuta nta kwenye macho, maana walikwisha kumhesabu maiti. Akabaki hajiwezi karibu miaka mitatu. Watu hupenda kusimulia hayo, na njozi zake za baadaye. Mimi nashikilia yaliyo katikati.

Kwa miaka kama 18 sala ilimwia kavu. Ameandika mwenyewe kwamba mara nyingi alichotamani ni ule muda wa sala uishe, sikio likingoja saa igonge. Akikaribia mahali pa sala huzuni ilimwingia, na adhabu yoyote nzito angeipokea kwa moyo mwepesi zaidi. Huyo ndiye Mwalimu wa Kanisa, cheo wanachopewa watakatifu wachache kwa mafundisho yao, na ni mwanamke wa kwanza kupewa heshima hiyo, mwaka 1970!

Na kuna kipindi aliacha kabisa sala ya moyoni, zaidi ya mwaka. Hapa naomba usome polepole. Alijiona hafai, kwa jinsi alivyonogewa na maongezi ya wageni sebuleni mwa konventi, yaani nyumba ya watawa, akaona haya kumkaribia Mungu akiwa hivyo. Tena ni yeye aliyekuwa amemfundisha baba yake kusali, na mzee akashika kwelikweli. Baba alipokuja kumtembelea, binti akamwambia ameacha kusali hivyo kwa sababu ya afya. Mzee akaamini, akamwonea huruma. Nikifika hapo machozi hunitoka. Alipofariki baba yake, mwaka 1543, padre aliyekuwa akimwungamisha mzee ndiye aliyemrudisha Teresa kwenye sala, na hakuiacha tena. Baadaye aliandika kwamba ule ulikuwa unyenyekevu wa uongo, na kishawishi cha kutisha kuliko vyote alivyopata.

Ukavu uliendelea miaka mingine kumi hivi, mpaka siku moja mbele ya sanamu ya Kristo mwenye majeraha alipoanguka akalia. Mwaka 1562, akiwa na miaka 47, akatoka katika konventi yenye masista zaidi ya mia, ambamo matajiri walikuwa na vyumba vyao na vyeo vyao, akaanzisha nyumba ndogo ya Mtakatifu Yosefu palepale Avila: masista wachache, hakuna bibi mkubwa, wanaishi kwa sadaka na kwa kusokota nyuzi. Mji ukamshtaki. Hadi anafariki mwaka 1582 nyumba zilifika 17, na nyingi alizifuata mwenyewe kwa gari la kukokotwa na nyumbu, mgonjwa.

Alifananisha sala na kumwagilia bustani. Wengine hupata mfereji, wengine mvua. Anayeanza huteka kisimani kwa ndoo. Wewe unajua kazi hiyo. Ulikuwa na miaka tisa ukimwagilia mchicha wetu, kamba ikikuchubua viganja. Akaongeza kwamba kuna siku kisima chenyewe hukauka, na mtunza bustani akiisha kufanya lililo lake, Mungu huyatunza maua bila maji.

Sasa fanya hivi. Miaka ile yote, isipokuwa baada ya kukomunika, Teresa hakuthubutu kuanza sala bila kitabu mkononi. Akili ikitangatanga alikifungua, wakati mwingine kukishika tu kulimtosha. Nawe usiende mikono mitupu. Ile Misale ya baba yako, kitabu chake cha sala za Misa, yenye jalada lililoshonwa kwa uzi mweusi, nimeifunga kwenye kanga. Binamu yako anapanda basi Ijumaa asubuhi, atakukabidhi.

Mama yako